Barafu iliyojificha yalegea, milima ya Alps yaporomoka

KATIKA milima ya Alps nchini Uswisi, juu ya takriban mita 2,500, ipo miteremko ambayo ardhi yake hubaki imeganda mwaka mzima. Barafu hiyo haionekani kwa macho. Imejificha ndani ya nyufa za miamba, ikiishikilia kama saruji ishikavyo mawe ya ukuta. Joto likizidi, hulainika hata kabla ya kuyeyuka, maji hupenya na mwamba hulegea.

Huko Murtèl, joto la ardhi hiyo limepimwa ndani ya shimo refu tangu mwaka 1987, na linapanda.

Wanaoumia ni watu wa mabondeni. Agosti 23, 2017, mwamba wa takriban mita za ujazo milioni 3 uliporomoka kutoka mlima Piz Cengalo. Watembeaji 8 hawakuonekana tena, na tope likavamia kijiji cha Bondo. Mei 28, 2025 ikawa zamu ya Blatten. Mawe ya mlima Kleines Nesthorn yaliulemea mto wa barafu wa Birch hadi ukaporomoka, ukafukia sehemu kubwa ya kijiji. Mtu mmoja alifariki dunia. Wakazi wapatao 300 walinusurika kwa kuwa mlima ulikuwa ukichunguzwa, nao walihamishwa siku 9 kabla.