Sikukuu Katika Majira ya Jembe: Krismasi ya Nyumbani Shinyanga na Geita

Sikukuu yoyote iliyokomaa ina wakati wake, na wakati huo haukuchaguliwa bure. Mkulima husherehekea ghala linapojaa, si linapokauka. Kwa hiyo mtu aliyejifunza mila za Wasukuma, akifika kijiji cha Shinyanga tarehe 25 Desemba, hukuta jambo la kumfanya afikiri. Sikukuu ya Krismasi humkuta mwenyeji wakati akiba ya chakula imepungua, shamba limeota magugu, na jembe halijapumzika tangu mvua za kwanza. Ingedhaniwa kwamba sikukuu ya namna hiyo haiwezi kushika mizizi katika nchi ya wakulima. Lakini imeshika, tena si kanisani tu bali majumbani, hata katika kaya ambazo wazee wake hawakubatizwa kamwe. Sababu za jambo hilo hazimo katika historia ya dini peke yake. Zimo pia katika historia ya kazi, ya reli, na ya dhahabu.

Yafaa kwanza kukumbuka sikukuu hii ilikotoka. Habari ya kwanza iliyoandikwa ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba yatoka Roma, mwaka 336. Ilipofika Ulaya ya Kaskazini iliikuta sikukuu nyingine ya wenyeji iliyoitwa Yuli. Mtawa Bede wa Uingereza, aliyeandika katika karne ya 8, alihifadhi majina ya miezi ya kale ya watu wake. Miongoni mwake yamo majina ya Yuli, na pia jina la mwezi wa Novemba, ambao ulikuwa mwezi wa kuchinja ng'ombe na kuwatoa sadaka. Huko Norway habari za wafalme zasimulia kwamba Mfalme Hákon, katika karne ya 10, aliamuru Yuli ifanywe pamoja na Krismasi. Maana ya mambo hayo ni wazi. Katika nchi za baridi, Desemba ardhi imelala, na mkulima hana kazi shambani. Nyama ipo kwa kuwa wanyama wasioweza kulishwa wakati wote wa baridi wamekwisha kuchinjwa. Kwa watu wale, kukaa ndani na kula kulikuwa jambo la majira yenyewe.

Usukumani majira yako kinyume. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba. Zamani mtemi ndiye aliyekuwa na wajibu wa mvua na mbegu, na mbegu zilizotiwa dawa zilitoka kwake kabla ya kupanda; wajibu huo ulififia taratibu, na mwaka 1963 serikali ilipofuta mamlaka ya watemi ulikosa kiti cha kukalia. Lakini kazi yenyewe haikubadilika. Desemba ni mwezi wa kupanda na kupalilia: mahindi, karanga, na pamba juu ya vilima, mpunga katika majaluba ya mbugani. Chakula cha siku hizo ni kile kilichobaki. Watu hula michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na mlenda na mboga za majani zilizochipuka kwa mvua. Jambo la heri ni maziwa, maana majani mapya huwarudishia ng'ombe nguvu. Wakati wa furaha kwa Msukuma ni Juni hadi Agosti, baada ya mavuno. Hapo ndipo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, kila upande na dawa zake na mashabiki wake, na hapo ndipo arusi hufungwa na wageni kupokewa bila hofu ya chungu kukauka. Hata majina ya watu yashuhudia kwamba miezi ya mwisho wa mwaka ni ya mvua: mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati huo huitwa Mabula, na wa kike Kabula.

Wamisionari waliikuta hali hiyo. Waingereza wa kwanza walifika Kageye, kusini mwa Ziwa, mwaka 1877, na Desemba ya mwaka ule ule wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na ile ya Ushirombo, ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita, mwaka 1891. Misheni ya Kiprotestanti ya Nassa ilipokewa na Africa Inland Mission mwaka 1909, na kazi yao ikaenea hata Shinyanga, ambako hospitali ya Kolandoto ni ukumbusho wake. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walifika pande za Musoma na Maswa mwaka 1946. Jimbo la Shinyanga likapata jina hilo mwaka 1956, na la Geita likaundwa mwaka 1984. Athari ya njia hizo mbili yasikika hata leo kinywani mwa watu. Wakatoliki wengi husema Noeli, neno la Kifaransa lililoletwa na mapadre. Wenzao wa makanisa mengine husema Krismasi. Mtu akisikia salamu ya jirani yake siku hiyo aweza kukisia ni misheni gani iliyomfundisha babu yake kusoma.

Wamisionari wenye macho walitambua pia kwamba kalenda yao haikulingana na kalenda ya wenyeji. Padre David Clement, Mkanada aliyejenga kanisa la Bujora kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, hakujaribu kuifanya Desemba kuwa mwezi wa ngoma. Aliishika sikukuu ya Ekaristi, ambayo huangukia Mei au Juni, akaiunganisha na mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno. Ndiyo asili ya Bulabo, ambayo bado huwakusanya maelfu. Kwa njia hiyo ngoma kubwa ilipata nafasi yake ndani ya mwaka wa Kanisa. Lakini Krismasi haikuweza kuhamishwa. Ilibaki palepale katikati ya matope ya Desemba, na kwa kuwa haikupata uwanja wa ngoma, ilijificha nyumbani.

Kilichoipa nguvu huko nyumbani ni mshahara. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Katika miaka ya 1930 mgodi wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa, nao ukaendelea hadi mwaka 1966. Mwaka 1940 Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Vijana waliokuwa wakihesabu mwaka kwa mvua na mavuno walianza kuuhesabu kwa miezi na zamu. Mtu wa mshahara hana mavuno ya Juni. Ruhusa yake hutolewa na bwana wake, na bwana huyo alifunga kazi Krismasi, si wakati wa Bagika na Bagalu. Hivyo Desemba ikawa mwezi ambao kijana aweza kuonekana kwao, naye alifika na vitu ambavyo shamba halikuweza kuvitoa wakati ule: sukari, chumvi, kitambaa, na fedha taslimu. Ghala la baba lilikuwa limepungua, lakini mfuko wa mwana ulikuwa na kitu. Sikukuu iliyokuja wakati wa uhaba ikageuka kuwa sikukuu ya kuupunguza uhaba huo.

Nalo neno nyumbani lilibadilika. Baada ya mwaka 1947 mpango wa serikali wa kuiendeleza nchi ya Usukuma ulifungua mapori ya Geita yaliyokuwa na mbung'o, na familia nyingi zikahama kutoka mashariki kwenda nchi ya Wazinza kutafuta ardhi na malisho. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawatoa watu katika miji yao iliyotawanyika, kila mji na boma lake la minyara, ikawapanga kando ya barabara. Kwa hiyo kaya ya Geita mara nyingi ina babu aliyezikwa Shinyanga, Maswa au Kwimba, na mtoto aliyezaliwa Geita huuliza kwao ni wapi. Wachaga wanaorudi Kilimanjaro kila Desemba hawana shaka hiyo; kihamba kipo, na makaburi yamo migombani. Msukuma wa Geita hana budi kuchagua, na chaguo lake la Krismasi ndilo jibu lake kwa mtoto. Akipanda basi kwenda Shinyanga, amesema kwamba kwao ni kule. Akikaa na kuwaita ndugu waje, amekwisha hamia kweli.

Sikukuu yenyewe ni ya kiasi. Mchele huwa umewekwa kando tangu mavuno, katika gunia ambalo mama wa nyumba halifungui hata njaa ikibisha hodi. Ng'ombe hachinjwi ovyo, maana ng'ombe ni mahari na ni akiba. Kaya kadhaa huchangia dume mmoja wakagawana nyama, au kila moja hutosheka na mbuzi au jogoo. Watoto hushonewa au hununuliwa nguo mpya, na mara nyingi nguo hiyo ndiyo itakayokuwa ya kanisani mwaka mzima. Baada ya mkesha na ibada watu hurudi kula. Zamani wanaume na vijana walikula shikome, penye moto wa jioni ambapo wazee walifundisha na kuhukumu, nao wanawake walikula kando pamoja na watoto wadogo. Siku ya Krismasi katika kaya nyingi za leo, hasa mijini, watu wa nyumba moja hula pamoja, na mabinti husikia hadithi ambazo bibi zao walizisikia kwa mbali tu. Sahani zilizofunikwa kwa kitambaa hupelekwa kwa jirani Mwislamu, naye huzirudisha siku ya Idi zikiwa na chake. Hata mti upo. Si msonobari wa Ulaya. Ni ule wenye maua mekundu uliotoka Madagascar, ambao watu waliuita mkrismasi kwa kuwa huchanua mwisho wa mwaka. Katika mkoa uliofyekwa miti yake ili kuua mbung'o, na ambao kuanzia mwaka 1986 ulijitahidi kuirudisha kwa njia ya ngitili, mti wa kivuli mbele ya nyumba si pambo dogo.

Asubuhi ya pili, au ya tatu, jembe hushikwa tena. Methali ya Waswahili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usukumani wakati wa Krismasi methali hiyo si mzaha. Kijana aliyetoka mgodini hupalilia pamoja na nduguze kabla ya kuondoka, na wazee humpima kwa kazi hiyo kuliko kwa zawadi zake.

Lakini wako wasiofika. Baada ya miaka ya 1980 wachimbaji wadogo walienea katika ukanda wote wa dhahabu, na migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipofunguliwa mwaka 2000 na 2001 hawakutoweka. Mchimbaji mdogo hana mshahara wala ruhusa. Hulipwa duara likitoa mawe yenye dhahabu, na lisipotoa hukopa chakula kwa mwenye duara. Huyu hawezi kwenda nyumbani mikono mitupu, na haya ya mikono mitupu imewafanya wengi kukaa mwaka wa pili na wa tatu. Tena miezi ileile ya sikukuu ndiyo miezi ya hatari, kwa sababu mvua hulainisha udongo na maji huingia mashimoni. Januari 2024 kifusi cha mgodi wa Ng'alita, wilayani Bariadi, katika Mkoa jirani wa Simiyu, kiliua watu zaidi ya 20 wakati wa mvua kubwa. Mvua ambayo mama huishukuru kwa ajili ya mahindi ndiyo inayomnyima usingizi kwa ajili ya mwanawe.

Wako wanaosema kwamba Krismasi ni mila ya kuazima, na kwamba humpotezea mkulima chakula wakati anapokihitaji zaidi. Neno la kwanza ni kweli, lakini halitoshi. Wanorway nao waliazima, wakaiweka juu ya Yuli yao. Wasukuma hawakuwa na Yuli ya kuiwekea. Walikuwa na msimu wa kazi, na ndugu walio mbali. Neno la pili lina uzito. Gunia la mchele lililoliwa Desemba halitakuwapo Februari, na fedha iliyokopwa kwa nguo mpya hulipwa kwa pamba ambayo bado haijachanua. Kaya zenye busara hujua kipimo, na zisizojua hujuta. Hata hivyo hesabu ya chakula haikamiliki bila kuhesabu wanaokila. Katika nchi iliyotoa vijana wake kwenda mashimoni kwa karibu karne nzima, wazee walihitaji siku moja ya kuwahesabu, na 25 Desemba ndiyo siku ambayo kazi yenyewe iliwaachia. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi sahani ya asiyefika hupakuliwa kama za wengine, hufunikwa, na kuwekwa kando. Usiku ukiingia bila habari, watoto huigawana, na mama huuliza ni nani atakayetangulia shambani kesho.