Kujiuzulu kwa Edwin Mtei na Uwajibikaji wa Waziri wa Fedha

Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha Desemba 1979. Tangu hapo mjadala juu yake umekwama kwenye swali moja: kuhusu kushusha thamani ya shilingi, nani alikuwa sahihi, yeye au Mwalimu Nyerere? Swali hilo lina uzito wake, lakini limefunika jambo kubwa zaidi. Makala hii inadai kwamba mchango wa kudumu wa Mtei ni kule kuondoka kwenyewe. Waziri asiyeiamini tena sera anayotakiwa kuitetea mbele ya wananchi hana haki ya kuendelea kuwasomea bajeti yake.

Mtei alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasoma Makerere, kisha akapanda ngazi za utumishi wa umma, si majukwaa ya chama. Alikuwa Katibu Mkuu wa Hazina kabla ya kuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ilipofunguliwa Juni 1966. Noti za kwanza za shilingi ya Tanzania zilibeba saini mbili, ya Waziri wa Fedha Amir Jamal na ya kwake. Aliiongoza benki hiyo wakati wa Azimio la Arusha na utaifishaji wa mabenki mwaka 1967. Mwaka 1974 akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hadi ilipovunjika mwaka 1977. Alipoingia Wizara ya Fedha mwaka huohuo, alikuwa mtu aliyezoea kupima ahadi za serikali kwa akiba iliyopo.

Akiba hiyo haikudumu. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa, na Tanzania ikapata fedha nyingi za kigeni. Kisha masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa, na kufikia mwisho wa 1978 fedha hizo zilikuwa zimekwisha. Kuvunjika kwa Jumuiya kulilazimisha nchi kuanzisha mashirika yake ya reli, ndege na posta. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita iliyofuata ilikadiriwa kugharimu dola milioni 500. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena duniani.

Katika hali hiyo Mtei alijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, akaona kwamba nchi ingelazimika kukubali sehemu ya masharti yake, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi. Nyerere alikataa. Kukataa kwake kulikuwa na hoja nzito: mzigo wa marekebisho ungewaangukia wanyonge, na chombo cha nje kingeamua jinsi Watanzania watakavyoishi. Katika salamu zake za Mwaka Mpya 1980 kwa mabalozi, aliuliza tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Katikati ya mwaka huo mkutano wa Arusha uliigeuza hoja hiyo kuwa dai la kurekebisha mfumo wa fedha wa kimataifa.

Historia haikumpa ushindi kamili yeyote kati yao. Chukua Kimbiji, kijiji cha pwani kusini mashariki mwa Dar es Salaam, kilichokuwa chini ya Temeke kabla ya Kigamboni kuwa wilaya. Kwa mvuvi wa huko, shilingi yenye thamani kubwa kwenye vitabu vya serikali haikuwa na maana ikiwa sabuni na nyuzi za nyavu hazipo dukani. Alizipata kwa walanguzi, kwa bei iliyokuwa imekwisha kuishusha fedha yake kabla serikali haijathubutu. Mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na Shirika hilo, na dola iliyokuwa shilingi 8 hivi mwaka 1979 ikafika 40. Maduka yakajaa. Lakini katika miaka ya 1990 mwananchi yuleyule alianza kuchangia gharama za matibabu, na hapo hofu ya Mwalimu ilionekana kuwa na msingi.

Kwa hiyo tendo la Mtei lisipimwe kwa mizani ya utabiri. Lipimwe kwa aina yake. Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977 kutokana na vifo vya raia mikononi mwa polisi Shinyanga. Aliwajibika kwa makosa ya walio chini yake. Edward Lowassa aliacha uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Wote wawili waliondoka kwa sababu kosa lilikuwa limetajwa. Mtei hakuwa na kashfa. Aliondoka kwa sababu ya tofauti ya sera, na hiyo ndiyo aina adimu kuliko zote katika siasa zetu.

Kwa Waziri wa Fedha, aina hiyo ndiyo muhimu zaidi. Mkazi wa Kimbiji anaweza kuona kwa macho kama visima virefu vilivyochimbwa eneo lake vinatoa maji. Hawezi kujua kama fungu lililosomwa bungeni mwezi Juni kwa ajili ya mradi kama huo lina fedha nyuma yake. Waziri anajua, au anapaswa kujua. Mawaziri wengine huahidi huduma. Wa fedha huthibitisha kwamba ahadi za wote zinalipika. Akithibitisha asichokiamini, serikali nzima inakuwa imesema uongo kwa kinywa chake.

Wapo watakaosema kwamba mtaalamu mwaminifu hubaki ndani na kushawishi polepole. Jamal, aliyerudi wizarani baada ya Mtei, ni mfano wa heshima wa njia hiyo. Lakini Jamal hakukana msimamo wake ili abaki. Tatizo ni waziri anayeamini jambo moja na kutetea jingine mwaka hadi mwaka. Huyo hana ushawishi wa kuhifadhi, kwa kuwa rais ameshajua kwamba hataondoka.

Pingamizi la pili ni kwamba anayejiuzulu hutokomea. Maisha ya Mtei yanalijibu. Katika miaka ya 1980 aliwakilisha kundi la nchi za Afrika kwenye bodi ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi, alikuwa mwasisi na mwenyekiti wa kwanza wa chama cha upinzani cha Chadema, na mwaka 1998 akamwachia kiti Bob Makani, aliyewahi kuwa Naibu Gavana. Mfano wa Václav Klaus unaonyesha tofauti. Yeye aliasisi chama mwaka 1991 akiwa bado Waziri wa Fedha wa Czechoslovakia, na chama hicho kikampeleka kwenye uwaziri mkuu. Mtei alilazimika kusubiri zaidi ya miaka 12, kwa sababu mwaka 1979 hapakuwa na mahali pa kisheria pa kupeleka hoja iliyoshindwa ndani ya serikali.

Leo mahali hapo papo, ila hapatumiki. Katiba inataka mawaziri wateuliwe miongoni mwa wabunge, hivyo anayejiuzulu hubaki na kiti chake. Bunge lijenge desturi kwamba Waziri wa Fedha anayeondoka kwa tofauti ya sera apewe nafasi ya kueleza, kwa takwimu, alichoshindwa kukitetea, na maelezo hayo yaingie kwenye kumbukumbu rasmi. Hatua hiyo haihitaji kubadili katiba. Inahitaji wabunge wanaokubali kwamba taifa lina haki ya kusikia hoja ya waziri siku anapoondoka, si miaka mingi baadaye katika kitabu cha kumbukumbu zake.