Nyenzo Tano za Shotistopu

Ripoti ya msaka vipaji wa besiboli ni karatasi kavu. Juu kuna umri wa kijana, urefu, uzito na upande anaopigia. Chini yake kuna majina matano: kupiga, nguvu, mbio, kudaka, kurusha. Mbele ya kila jina zimekaa namba mbili, tuseme 30 na 55, au 50 na 60. Maneno ya kawaida huja mwishoni, nayo ni machache. Asiyejua lugha ya kazi hii atadhani kijana amefeli karibu kila somo, kumbe ipo klabu inayojiandaa kumlipa dola milioni moja kabla hajafikisha miaka 18.

Majina hayo matano Wamarekani wameyapa jina moja la jumla, "tools", na mfasiri anayekwenda mbio ataandika "zana" kisha aendelee na safari. Mimi nadhani asiendelee. Katika besiboli neno hilo halina maana ya kifaa, wala halina maana ya kipaji kama waandishi wetu wa michezo wanavyolitumia neno kipaji kila Jumatatu. Linataja kitu mahususi sana, na mahali pazuri pa kukitazama ni kwa kijana anayecheza nafasi ya shotistopu, kwa sababu huyo ndiye anayetakiwa kuwa navyo karibu vyote.

Kwanza nafasi yenyewe. Shotistopu husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, na hana kituo chake cha kulinda. Jina la Kiingereza lina neno "fupi" ndani yake, ila ufupi huo ni wa umbali, hauhusu kimo cha mtu. Mnamo 1849 au 1850 Doc Adams wa klabu ya Knickerbocker ya New York alianza kusimama karibu, mbele ya walinzi wa mbali, kwa sababu mpira wa zama zile ulikuwa mwepesi mno kurushwa moja kwa moja kutoka nyuma ya uwanja. Kazi yake ilikuwa kuupokea njiani na kuupeleka mbele. Mpira ulipokuja kuwa mgumu, nafasi ile ilisogea ndani na kupata kazi mpya kabisa, lakini jina likabaki lilelile. Wazungumzaji wa Kihispania wa Karibi na Amerika ya Kusini wameubakiza ufupi wakapata "campocorto", na wengine humwita pia "torpedero". Wajapani hawakutafsiri kabisa. Neno lao, "yūgekishu", linamwita mpiganaji asiye na kambi, anayekwenda kushambulia panapohitajika. Naona Wajapani ndio waliotazama mchezo badala ya kamusi. Hata hivyo kwa Kiswahili nitabaki na shotistopu, kwa kuwa anayeanza kulisoma jina hili leo atakutana nalo kesho kwenye runinga likitamkwa hivyo hivyo.

Mpira mwingi unaopigwa chini na wapigaji wa mkono wa kulia huelekea kwake. Kutoka anaposimama mpigaji hadi kituo cha kwanza ni mita 27.4, na mpigaji wa mkono wa kulia mwenye mbio za wastani katika ligi kuu huzimaliza kwa takriban sekunde 4.3 tangu gongo liguse mpira. (Gongo la mti, si lile la kunywa.) Kwa hiyo sekunde hizo ndizo saa ya shotistopu. Ndani yake asome mpira unakokwenda, aufikie, audake, autoe kwenye glavu na kuurusha hadi upande wa pili wa uwanja. Akiwa amevutwa karibu na kituo cha tatu, mrusho huo unaweza kuzidi mita 40, tena mara nyingi miguu yake ikiwa bado inaelekea kwingine. Ndiyo maana timu za watoto humweka hapo kijana wao bora kuliko wote. Na ndiyo maana wasaka vipaji huanza na yeye: shotistopu anayeshindwa nafasi yake huhamishiwa kituo cha pili, cha tatu au nyuma kabisa, ilhali wachache sana huhamia kwake kutoka huko.

Sasa neno. "Zana" kwa Kiswahili ni kitu kilicho nje ya mwili: zana za kilimo, zana za kivita, zana za kufundishia. Zinanunuliwa, zinaazimwa, zinarudishwa stoo. Mkono wa kijana hauazimwi. "Kipaji" nacho ni sifa tayari. Ukisema fulani ana kipaji cha kupiga, hukumu umeshaitoa, na hakuna Mswahili atakayekuelewa ukimwambia kwamba kijana ana kipaji cha 30. "Stadi" ni kinyume kabisa cha kinachotafutwa, maana stadi hufundishwa. "Uwezo" lingekuwa neno zuri lisingekuwa pana mno, kwani linachanganya anachofanya mtu na anachoweza kuja kufanya, na ripoti imetengenezwa mahsusi ili mambo hayo mawili yasichanganywe.

Pendekezo langu ni nyenzo. Najua maofisa wamelichosha neno hili kwenye hotuba za bajeti, ambako kila idara "haina nyenzo". Lakini umoja wake bado uko hai: wenzo ni ule mti unaochomekwa chini ya jiwe ili kulinyanyua. Wenzo hausogezi jiwe wenyewe. Kuna mrefu na mfupi, mgumu na dhaifu, na tofauti hiyo unaweza kuipima kabla jiwe halijaguswa. Kulisogeza ni habari nyingine, kunahitaji mtu anayejua pa kuuchomeka na wakati wa kuukandamiza. Mbio ni wenzo. Kuiba kituo cha pili, yaani kumsoma mrushaji na kuondoka nusu hatua kabla hajaachia mpira, ni stadi. Nguvu ni wenzo. Kuacha mpira mbaya upite hata kama mikono inawasha ni stadi. Msaka vipaji, licha ya jina tulilompa, anaandika nyenzo.

Tofauti hii ilionekana wazi mwaka 1945. Branch Rickey, mkuu wa klabu ya Brooklyn Dodgers, alimtuma msaka vipaji wake Clyde Sukeforth kwenda Chicago, uwanja wa Comiskey Park, kumtazama shotistopu wa Kansas City Monarchs, timu ya wachezaji weusi. Alitakiwa kutazama jambo moja tu: je, mkono wake ni wa shotistopu? Jina la mchezaji lilikuwa Jackie Robinson. Sukeforth alimkuta ameumia bega na hawezi kurusha, kwa hiyo wenzo aliotumwa kuupima hakuupima. Alimchukua hata hivyo hadi Brooklyn, na Agosti 28 Robinson alikaa mbele ya Rickey. Mwaka uliofuata Montreal, timu ya Dodgers ya ligi ya chini, walimchezesha kituo cha pili, na 1947, alipovunja ubaguzi wa ligi kuu, alisimama kituo cha kwanza. Nafasi ya shotistopu aliiacha, na haikumpunguzia kitu.

Rickey huyo huyo ndiye anayetajwa na wengi kuwa mwasisi wa kipimo cha 20 hadi 80 kinachotumika kwenye ripoti. Hapa msomaji aliyesoma shule zetu hana budi kusahau mitihani. Alama 50 si nusu ya maksi. Ni wastani wa wachezaji wa ligi kuu, watu ambao tayari ni wachache mno duniani. Kila alama 10 ni mkengeuko sanifu mmoja kwenda juu au chini. Kwa hesabu kavu, 80 ni mtu mmoja katika zaidi ya mia saba, na ndiyo sababu msaka vipaji mwangalifu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuiandika. Mbio hupimwa kwa saa: zile sekunde 4.3 ni alama 50 kwa wa mkono wa kulia, na wa kushoto, aliye hatua moja karibu na kituo, hutakiwa afike kwa 4.2. Mkono siku hizi hupimwa kwa rada. Kudaka hakuna saa wala rada inayokumaliza, unatazama miguu kabla ya glavu. Kupiga ndiko kugumu kuliko vyote, kwa kuwa mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa sekunde 0.4 hivi, na kijana wa sekondari huenda hajawahi kurushiwa mpira wa namna hiyo hata mmoja. Anayempa alama ya kupiga anakisia jambo ambalo bado halijatokea.

Ndipo tunapofika kwenye zile namba mbili. Ya kwanza ni ya leo, ya pili ni ya kesho. Kiingereza kina neno moja kwa hilo pengo lililo kati yake, na magazeti yetu hulifasiri "uwezekano mkubwa", maneno yasiyobeba chochote. Mimi ningeandika alama ya leo na alama ya kesho, kwani ndivyo karatasi yenyewe inavyosomeka, na tofauti kati yake ningeiita tarajio. Kijana wa miaka 17 mwenye nguvu 30 leo na 55 kesho ana tarajio la 25, na nyuma ya namba hiyo msaka vipaji ameona mabega mapana kwenye mwili mwembamba, viganja vikubwa, pengine na baba mrefu aliyekaa jukwaani.

Mwaka 1992 tarajio la namna hiyo lilikuwa Kalamazoo, Michigan. Derek Jeter alikuwa shotistopu wa sekondari, mrefu na mwembamba kama mlingoti. Hal Newhouser, mrushaji mkubwa wa zamani aliyekuwa akiisakia vipaji Houston Astros, aliwasihi wakubwa wake wamchukue kwa chaguo la kwanza katika uteuzi wa kila mwaka, ambamo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Walimchukua Phil Nevin, na Newhouser akaacha kazi. Wachezaji wengine wanne walichaguliwa, ndipo New York Yankees, walioshawishiwa na msaka vipaji wao Dick Groch, wakamtaja Jeter wa sita.

Mwaka uliofuata, akiwa Greensboro katika ligi ya chini, alifanya makosa 56 ya ulinzi. Hamsini na sita! Takwimu hiyo peke yake ingetosha kumwondoa mtu kwenye nafasi. Mickey Mantle, ambaye naye alianza akiwa shotistopu katika timu za chini za Yankees, alifanya makosa 55 pale Joplin mwaka 1950 na akahamishiwa nyuma ya uwanja, ambako alitengeneza jina lake. Kwa Jeter waliamua vingine. Waliona kwamba miguu inafika, mkono unatosha, na kinachokosekana ni mazoea ya glavu, yaani stadi. Wakamfanyisha kazi. Alistaafu akiwa na hiti 3,465, yaani mipigo iliyomfikisha salama kituoni, na 2020 alipata kura 396 kati ya 397 za kuingia kwenye Jumba la Mashujaa. Takwimu za kisasa zinadai kuwa hata alipokuwa nyota hakuwa mlinzi wa kusifiwa sana; wabishi wa New York hawataki kusikia hilo, na mimi sitaingilia.

Yapo pia mawe yaliyokataa kusogea. Billy Beane, aliyechaguliwa na New York Mets katika raundi ya kwanza mwaka 1980, hakuwa shotistopu, lakini ndiye mfano usiokwepeka: nyenzo zote tano zilikuwepo, na katika mechi 148 za ligi kuu wastani wake wa kupiga uliishia .219. Baadaye, akiiendesha klabu ya Oakland, aliwageukia wasaka vipaji na kuwauliza kwa nini wanapima miili wakati wangeweza kuhesabu kinachofanyika uwanjani. Kitabu cha Michael Lewis cha 2003, "Moneyball", kiliufanya ubishi huo kuwa wa dunia nzima. Swali la Beane ni la haki kwa mchezaji wa chuo kikuu mwenye misimu mitatu ya takwimu. Kwa mtoto wa Jamhuri ya Dominika halina jibu, kwa sababu klabu humsaini akiwa na miaka 16, na kabla ya hapo amekulia mikononi mwa mwalimu binafsi anayemwandaa kwa siku za majaribio na kuchukua sehemu ya malipo yake. Siku hiyo atakimbia mita 55, atarusha mipira kutoka nafasi ya shotistopu, atapiga mipira laini. Hakuna takwimu za kuhesabu. Zipo nyenzo tu.

Afrika nayo imeshasomwa kwa karatasi hii. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisainiwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 akiwa shotistopu, na kwa miaka yote ya ligi za chini glavu yake haikubishaniwa. Gongo ndilo lililomchelewesha. Aprili 26, 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa bara hili kucheza ligi kuu, na katika zamu yake ya kwanza ya kupiga, dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, alipata hiti. Gongo halikumpa nafasi ya kudumu hata hivyo. Ukitaka kueleza maisha yake ya kazi kwa neno "kipaji" utakwama, maana utalazimika kusema anacho na hana. Kwa nyenzo inasemeka: wenzo wa kudaka wa daraja la juu, wa kupiga chini ya wastani wa watu wale wachache.

Limebaki neno moja ambalo ripoti huliandika pembeni bila namba, na baadhi ya wasaka vipaji huliita wenzo wa sita. Linahusu anavyobeba kosa lake mbele ya watu elfu, anavyofika mazoezini, anavyomjibu mwalimu. Nimeona likifasiriwa "tabia", lakini kwa Kiswahili mtoto mwenye tabia nzuri ni yule anayeamkia wakubwa na kuwahi kurudi nyumbani, na shotistopu wa namna hiyo anaweza kuvunjika moyo baada ya kosa la tatu. "Hulka" liko karibu zaidi, kwa kuwa linasema alivyo mtu akiwa hajajiandaa kutazamwa. Nisingelihesabu miongoni mwa nyenzo. Hulka ni ya mkono unaokandamiza mti, kwa hiyo istilahi ya nyenzo sita, ingawa Wamarekani wengine wanaipenda, kwa Kiswahili ningeiacha na kubaki na tano.