Kura iliyopanda ngazi nne: Dola ya Urusi ilivyochagua wabunge wake

Uchaguzi usio wa moja kwa moja ni ule ambao mpiga kura hamchagui mbunge mwenyewe. Anachagua mjumbe, na mjumbe huyo ndiye anayekwenda kumchagua mbunge au mjumbe mwingine. Dola ya Urusi ilitumia njia hii kuchagua bunge lake kuanzia mwaka 1906 hadi 1912, chini ya Tsar Nicholas II. Makala haya yanaeleza utaratibu huo, na jinsi mabadiliko ya hesabu za wajumbe yalivyotosha kubadilisha bunge zima.

Bunge lilitoka wapi?

Kabla ya 1905 Urusi haikuwa na bunge la nchi nzima. Tsar ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika kila sheria. Mwaka huo migomo na maasi vilimbana, akaahidi bunge lililoitwa Duma. Sheria ya uchaguzi ilitoka mwezi Desemba na kuwapa haki ya kura wanaume wa miaka 25 na zaidi. Wanawake, wanafunzi na askari walio kazini hawakuruhusiwa.

Dola hiyo ilikuwa na watu wa kila namna. Katika sensa ya 1897 walihesabiwa watu milioni 125 hivi, na wenye lugha ya mama ya Kirusi hawakufika nusu. Waliobaki walikuwa Waukraine, Wapoland, Wayahudi, Watatari, Wageorgia, Waarmenia, Wakazakhi na wengine wengi.

Kura ilipandaje?

Wapiga kura waligawanywa katika mafungu manne: wenye mashamba makubwa, watu wa mijini, wakulima wa vijijini na wafanyakazi wa viwandani. Ngazi ya wakulima ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote:

1. Kila nyumba kumi zilitoa mtu mmoja kwenda kwenye mkutano wa kata.
2. Mkutano wa kata ulichagua watu wawili kwenda wilayani.
3. Mkutano wa wilaya ulichagua wajumbe wa kwenda mkoani.
4. Mkoani, wajumbe wa mafungu yote walikutana kuchagua wabunge.

Mwenye shamba kubwa alianzia wilayani moja kwa moja. Wafanyakazi walipita ngazi tatu, tena ni wale tu wa viwanda vyenye wanaume wasiopungua 50.

Kura hazikuwa na uzito sawa. Fungu la wenye mashamba lilipewa wajumbe wengi kwa watu wachache. Kwa makadirio yanayotajwa sana, kura ya mwenye shamba mmoja ilikuwa na uzito wa kura za wakulima 15, au za wafanyakazi 45.

Serikali ilitegemea nini?

Hata hivyo, kwa kuwa wakulima walikuwa wengi mno, walipata takribani asilimia 42 ya wajumbe wa mikoani. Serikali haikuogopa. Iliamini kwamba mkulima anampenda Tsar na atachagua watu watulivu. Iliwapa hata haki ya pekee: mkoani, wajumbe wa wakulima walianza kwa kuchagua mbunge mmoja kutoka miongoni mwao, wakiwa peke yao.

Matokeo yalikuwa tofauti. Wabunge wa wakulima walifika wakidai ardhi, na Duma ikataka sehemu ya mashamba makubwa igawiwe. Bunge la kwanza lilivunjwa baada ya siku 72. La pili, lililoanza Februari 1907, halikufika miezi minne.

Hesabu zilipobadilishwa

Juni 1907 serikali ya waziri mkuu Pyotr Stolypin ilitoa sheria mpya bila idhini ya Duma, ingawa idhini hiyo ilitakiwa kisheria. Ngazi zilibaki kwa sehemu kubwa, haki ya kupiga kura ilibaki kwa wengi, lakini idadi za wajumbe zilipangwa upya. Wenye mashamba sasa walipata karibu nusu ya wajumbe wote wa mikoani. Wakulima walishuka hadi asilimia 22 hivi.

Kiti cha mkulima hakikufutwa, ila alichaguliwa na mkutano mzima wa mkoa. Kwa hiyo wenye mashamba waliweza kumchagulia mkulima mwakilishi wake.

Mataifa mengine pia yaliguswa. Viti vya Poland vilipunguzwa kutoka zaidi ya 30 hadi 14. Turkestan, huko Asia ya Kati, haikubakiwa na kiti hata kimoja. Tsar alieleza kwamba Duma lazima iwe ya Kirusi kwa roho yake. Bunge lililofuata halikuvunjwa. Lilimaliza miaka yake mitano.

Ndani ya dola hiyohiyo, Finland, iliyokuwa na bunge lake, ilifuata njia nyingine. Mwaka 1906 iliruhusu wanaume na wanawake wote wa miaka 24 na zaidi kuchagua moja kwa moja. Mwaka 1907 wanawake 19 waliingia katika bunge hilo la watu 200.

Jambo la kukumbuka

Kupitisha kura kwa wajumbe si wizi kwa lenyewe. Nchi kadhaa hufanya hivyo hadi leo. Ili kujua kama uchaguzi wa namna hiyo ni wa haki, uliza mambo matatu: kila mjumbe anasimama kwa watu wangapi, nani kagawa mafungu, na nani wanapiga kura katika ngazi ya mwisho. Ufalme ulipoanguka mwaka 1917, Warusi walichagua Bunge la Katiba moja kwa moja, wanawake wakiwemo.