Vanity: Utupu na Majivuno katika Neno Moja

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomsumbua mfasiri wa Kiswahili, vanity lina usumbufu wa aina yake, kwa sababu linabeba maana mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka hazina udugu wowote. Maana ya kwanza ni hali ya jambo kukosa thamani na tija, likatafutwa kwa jasho na mwisho wake ukawa patupu. Maana ya pili ni tabia ya mtu anayejipenda kupita kiasi kwa ajili ya sura, mavazi au vipaji vyake, na ambaye furaha yake yote imo katika macho ya wanaomtazama. Mwingereza hulitumia neno hilohilo kwa mfalme aliyejenga kasri likaja kuwa gofu na kwa kijana asiyebanduka mbele ya kioo, naye msikilizaji hutambua kwa muktadha ni maana ipi inayokusudiwa. Kiswahili hugawa maana hizo kwa maneno mengi, na mgawanyo huo, ambao mara nyingi huchukuliwa kuwa upungufu, unamlazimisha mfasiri kuamua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliweza kuliacha bila kuliamua.

Asili ya neno inaeleza kwa nini maana hizo mbili zilikaa pamoja. Kiingereza kililipata vanity katika karne ya 13 kupitia Kifaransa cha kale, ambacho nacho kililirithi kutoka Kilatini vanitas, nomino iliyojengwa juu ya kivumishi vanus, yaani tupu, kisicho na kitu ndani. Maana ya utupu ndiyo iliyotangulia, na ile ya kujipenda ikafuata katika karne ya 14, kwa kuwa mtu anayejitukuza kwa jambo lisilo na uzito alionekana kuwa mtupu sawa na jambo lenyewe. Waswahili waliifikia mantiki hiyo kwa njia yao, kwani methali isemayo kwamba debe tupu haliachi kuvuma huunganisha waziwazi uwazi wa ndani na kelele za nje, ingawa methali hiyo haikuzaa nomino moja ambayo mfasiri angeweza kuichukua na kuitumia.

Umaarufu wa vanity katika Kiingereza unatokana zaidi na kitabu cha Mhubiri katika Agano la Kale, ambamo neno la Kiebrania hebel linatokea mara 38. Maana ya msingi ya hebel ni pumzi au mvuke, kitu kinachoonekana kwa kitambo na kutoweka kabla hakijashikwa, na ni neno hilohilo lililo jina la Habili, mwana wa Adamu ambaye maisha yake yalikatizwa mapema. Wafasiri wa Kiyunani waliweka mataiotes, yaani hali ya kutofikia lengo. Jerome, anayejulikana kwa Wakristo wa Afrika Mashariki kama Yeronimo, akaweka vanitas katika Biblia yake ya Kilatini. Na wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wakafuata njia hiyo kwa kuandika vanity. Kila hatua ilipoteza kidogo taswira ya mvuke na kuongeza kidogo hukumu ya kimaadili, hata msomaji wa Kiingereza akaja kusikia karipio mahali ambapo Kiebrania kilikuwa kinasikitika tu.

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, ilichagua ubatili, uteuzi ambao ulikuwa na busara kubwa na ambao leo una tatizo lake. Batili ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambamo linasimama kinyume cha haki, nayo Qurani huyaweka mawili hayo mkabala: haki ni kilicho kweli na chenye kudumu, batili ni kilicho uongo na chenye kutoweka. Katika maana hiyo ya kale ubatili unakaribiana sana na hebel. Hata hivyo, matumizi ya kila siku yamelivuta neno upande mwingine, kwa maana Mwislamu husema udhu umebatilika au funga imebatilika pale sharti fulani linapovunjwa, na mahakama husema mkataba ni batili unapokosa nguvu ya kisheria. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais wa Agosti 2017, hakuna aliyeelewa kwamba uchaguzi huo ulikuwa mvuke unaopita. Kila mmoja alielewa kwamba ulikuwa umekosa uhalali. Msomaji mpya anayekutana na ubatili katika Mhubiri huenda basi akasikia tangazo la hakimu, na ni haki mwalimu wa maandiko kumweleza kwamba kinachozungumzwa hapo ni jambo lisiloshikika, ambalo uhalali wake haujaulizwa kabisa. Pale ambapo maana ni kukosa matokeo tu, neno bure linatosha na halihitaji mapambo, kama inavyodhihirika katika amri ya kutolitaja jina la Mungu, ambamo Kiingereza kina in vain na Kiswahili kina bure.

Upande wa kujipenda ndiko utajiri wa Kiswahili unakojitokeza zaidi. Jane Austen, katika riwaya yake Pride and Prejudice ya mwaka 1813, alimpa mmoja wa wahusika wake hoja kwamba pride ni namna mtu anavyojihesabu mwenyewe, ilhali vanity ni namna anavyotaka wengine wamhesabu. Kiswahili kina tofauti hiyo tayari katika msamiati wake. Kiburi hakihitaji watazamaji, kwa kuwa mwenye kiburi huwadharau watu na kwa sababu hiyo hajali wanamwonaje. Lakini maringo, mikogo, madaha na mashauzi hayawezekani bila mtu wa kuyatazama, na anayeringa peke yake chumbani ni mtu anayefanya mazoezi. Kwa hiyo kuandika kiburi mahali pa vanity, kosa ambalo hufanyika mara nyingi, ni kumgeuza mtu mwenye njaa ya sifa kuwa mtu asiyehitaji sifa za mtu yeyote.

Jambo lingine linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kiambishi cha kujirejea -ji-, ambacho kimezaa ukoo mzima wa vitenzi: kujivuna, kujisifu, kujigamba, kujitapa, kujidai, kujikweza, kujishaua na, kile kinachopendwa zaidi mitaani, kujiona. Katika kusema kwamba fulani anajiona, Kiswahili hakitaji alichokiona wala uzuri wa alichokiona; kinataja tu kwamba jicho lililopaswa kutazama nje limegeuka ndani, na maelezo hayo ya vanity ni mafupi na makali kuliko yale ya kamusi nyingi za Kiingereza. Utupu, kwa upande wake, hauna nafsi ndani yake: bure, ovyo, upuuzi na ubatili huelezea jambo, na mtu hatajwi. Pengo kati ya makundi hayo mawili lilizibwa kwa ustadi na wafasiri wa Waraka kwa Wagalatia, ambao walikutana na neno la Kiyunani lenye kuunganisha utupu na utukufu, lile ambalo mtawa Evagrius wa Ponto katika karne ya 4 alilihesabu kuwa wazo baya lililo tofauti na kiburi, nao wakaliweka kama kujisifu bure. Kitenzi kinambeba mtu, kielezi kinabeba utupu, na hakuna kilichopotea.

Lipo pia neno moja ambalo lingeweza kubeba mzigo wote peke yake, nalo ni ghururi. Katika Kiarabu cha Qurani, kwa mfano katika sura za Aal Imran na Al-Hadid, neno hilo linatumika kwa maisha ya dunia kama starehe yenye kudanganya. Katika Kiarabu cha sasa limekuwa pia jina la majivuno ya mtu. Na katika Kiswahili cha pwani maana zote mbili zinasikika, ya kudanganyika na ya kujiona. Tofauti yake na vanity ni kwamba kiini chake ni hadaa badala ya utupu: dunia humhadaa mtu, naye mwenye majivuno hujihadaa. Ni hasara kwamba ghururi limebaki kwa masheikh na watunzi wa tenzi, na kwamba waandishi wa nathari hawalitumii ipasavyo.

Uwezo wake unaonekana vizuri katika istilahi ya sanaa. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, hasa wa mji wa Leiden, walikuwa na aina ya picha iliyoitwa vanitas, ambayo ilipanga mezani vitu vya fahari pamoja na dalili za kifo. Picha ya Harmen Steenwijck ya mwaka 1640 hivi, iliyomo katika National Gallery ya London, ina fuvu la kichwa, vitabu, ala za muziki, upanga wa Kijapani, kombe la bahari na taa iliyozimika punde. Kuziita picha za ubatili kungemfanya mtu adhani zimekataliwa na mamlaka fulani, na kuziita picha za majivuno kungelificha fuvu. Picha za ghururi ni jina linalozifaa, tena lina mizizi nyumbani, kwa kuwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikwisha kufanya kwa maneno kile Steenwijck alichofanya kwa rangi. Katika utenzi wake Al-Inkishafi, unaousemesha moyo na kuufananisha ulimwengu na bahari yenye mawimbi, zimo nyumba za matajiri wa Pate zilizokuwa na taa nyingi na vyombo vya kauri, na vidaka vilivyopangwa sahani ambavyo sasa makinda ya ndege yanalala humo. Hakuna fuvu linalohitajika pale kiota kinapokaa mahali pa sahani.

Matumizi mapya ya vanity ni mepesi zaidi na hayafai kutwishwa neno zito kama ghururi. Vanity press, kampuni inayochapisha kitabu chochote mradi mwandishi alipe gharama, inaelezeka kwa kusema wachapishaji wa kulipwa na mwandishi, nayo vanity metrics, yaani hesabu kama idadi ya wafuasi mtandaoni ambazo hupendeza bila kuonyesha kama kazi inaendelea, zinaweza kuitwa takwimu za mikogo, kwa sababu kazi yake ni kutazamwa. Na vanity ya chumbani, ile meza yenye kioo na droo za vipodozi, ni meza ya kujipambia tu; Kiingereza kiliibandika jina la dhambi, na Kiswahili hakina sababu ya kumlaumu anayeketi mbele yake kuchana nywele.