Chuma cha Kale Kilizaliwa Baharini

Jembe, panga na reli hufanywa kwa chuma, na chuma hutolewa katika mawe. Lakini kiliingiaje katika mawe? Twendeni kwanza Australia ya Magharibi, kwenye milima ya Hamersley. Huko kuta za makorongo zina mistari: mstari mwekundu wa chuma, mstari wa jiwe gumu kama gumegume, tena mwekundu, hivyo hivyo toka chini hata juu. Mistari mingine ni myembamba kuliko ukucha. Umri wake wakaribia miaka milioni 2,500. Mawe ya namna hii yako pia Brazili, Afrika ya Kusini, na hata katika Kongo yetu, upande wa Uele, karibu na dhahabu.

Yote yalikuwa matope chini ya bahari. Siku zile hewa ilikuwa karibu haina oksijeni kabisa. Msumari ukiachwa nje hushika kutu. Lakini pasipo oksijeni chuma chaweza kukaa kimeyeyuka majini, kama chumvi. Zamani wengi walidhani mito ndiyo iliyokileta. Wataalamu walipopima mawe hayo, waliona madini haba yaitwayo yuropiamu yamezidi, kama yanavyozidi katika maji ya moto yatokayo katika nyufa za sakafu ya bahari. Basi sehemu kubwa ya chuma ilitoka chini, si mitoni.

Nani basi aliyekigeuza kuwa kutu, kikazama? Preston Cloud, Mmarekani, alifundisha kwamba vijidudu vya majini, kwa nguvu ya jua, vilitoa oksijeni, nayo ikashika chuma. Maelezo mepesi, nasi twayapenda. Lakini mwaka 1993 Friedrich Widdel na wenzake, huko Ujerumani, walitangaza bakteria wanaogeuza chuma kuwa kutu kwa mwanga wa jua, bila oksijeni hata chembe. Shauri hilo halijakwisha mpaka leo.

Jiwe lenyewe si tajiri: katika kilo 100, chuma ni 30 hivi. Mahali pengine maji yaliosha lile gumegume, chuma kikafika kilo 60 na zaidi, ndiko wanakochimba. Mwaka 1938 serikali ya Australia ilikataza kukiuza nje, ikidhani ni kidogo. Katazo likalegezwa 1960. Leo hakuna nchi iuzayo nje chuma kingi kuliko hiyo.