Kabla ya Kununua Kipakatalishi, Jaribu Bawaba na Kibao cha Kugusa

Mpwa wangu alipopata nafasi ya chuo kikuu, dada yangu alinikabidhi pesa za zamu yake ya chama. "Kaka, mtafutie kipakatalishi kitakachomaliza naye miaka minne," akaniambia. Nilizipokea kwa wasiwasi, kwani changu cha kwanza hakikufika hata miwili.

Nilikuwa nimekinunua kipya, kinang'aa, kwa kutazama prosesa na ukubwa wa diski tu. Baada ya mwaka na kitu bawaba ilianza kukaza, nami nikawa nafungua kwa nguvu. Siku moja plastiki ikapasuka, kioo kikaning'inia. Fundi alinionyesha chanzo: skrubu za bawaba zilishikwa na vijipete vya shaba vilivyopachikwa kwenye plastiki nyembamba. Bawaba ikikaza, plastiki ndiyo huachia kwanza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tangu siku hiyo, haya ndiyo ninayoyakagua dukani.

Umbo

Kishike pembeni kwa mkono mmoja. Kikipinda au kulia, kirudishe. Bonyeza katikati ya kibodi. Isibonyee kama godoro. Fungua kifuniko polepole ukishika katikati: pande zote mbili ziinuke pamoja, na kioo kisiyumbe ukigonga meza. Si kila plastiki ni mbovu, wala si kila alumini ni imara. La muhimu ni bawaba imefungwa kwenye nini.

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, upepo wa chumvi. Kwa mashine ya mtumba, angalia matundu ya chaji na vichwa vya skrubu. Kutu ikionekana nje, ndani kuna zaidi.

Ukiambiwa mashine imepita MIL-STD-810, kiwango cha majaribio cha jeshi la Marekani, usishangilie mno. Jeshi halitoi cheti kwa kipakatalishi cha dukani. Mtengenezaji mwenyewe huchagua majaribio ya kufanya.

Kibao cha kugusa

Hapa ndipo vidole vitashinda kutwa, lakini wanunuzi wengi hawapajaribu. Buruta kidole polepole kutoka pembe hadi pembe. Kishale kifuate bila kuruka. Bonyeza juu, chini na pembeni, kwani vibao vingi vimeshikwa upande wa juu, na huko huwa vigumu kubonyeza. Kisha chomeka chaji urudie. Chaji mbovu hufanya kishale kirukeruke, nawe ukadhani kibao kimekufa.

Kibao kikiwa kimeinuka, usikipige bei. Mara nyingi betri iliyo chini yake imevimba, na betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Kinundu chekundu

ThinkPad, zilizoanzishwa na IBM mwaka 1992 na kuwa za Lenovo tangu 2005, zina kinundu chekundu kati ya herufi G, H na B. Hukisogezi, unakisukuma kidogo, kishale kinakwenda. Kwenye matatu, au msimu wa kaskazi vidole vikiwa na jasho na kibao kikikataa kutii, kinundu hakijali, kwa sababu kinahisi msukumo tu. Latitude na EliteBook nyingi za zamani nazo wanacho.

Lakini kinundu bila vitufe vyake vitatu ni nusu ya kazi. T440 iliviondoa, watumiaji wakalalamika, na T450 ya mwaka 2015 ikavirudisha. Kwa hivyo soma nambari vizuri kabla ya kutoa pesa.

Nilimchukulia mpwa wangu T480 ya mtumba, toleo la mwaka 2018. Ina vitufe vyote, prosesa yake inakubalika na Windows 11, na betri yake ya nje hutolewa bila kufungua mashine. Nilidai risiti yenye muda wa kurudisha ulioandikwa.

Alipoiona alikunja uso. "Mjomba, mbona nyeusi na nzito hivi?" Nikamwambia rangi haifanyi mtihani. Sasa yuko mwaka wa tatu, na bawaba bado inafunguka kwa kidole kimoja. Dada yangu hajaniuliza tena kuhusu pesa zake za chama.